Piga Hodi Kwanza

Mtu mzima kutolewa nje ya chumba kwa sababu ya salamu ni jambo la kuumiza roho, na ndilo lililompata Mnadi asubuhi alipokwenda kumwona binti yake kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevaa shati safi, amenyoa ndevu, amenawa mikono hadi viwikoni kama alivyoelekezwa mlangoni. Aliingia wodi ya watoto wachanga na furaha imemjaa hadi kooni, akafungua kinywa, akasema, "Hamjambo humu ndani!"

Kwa watu wengine hiyo ni salamu. Kwa Mnadi, ambaye tangu ujana wake alikuwa akinadi nguo za mitumba sokoni bila kipaza sauti, ilikuwa ngurumo. Watoto wote walishtuka kwa pamoja. Mikono midogo ilirushwa juu, vidole vikatawanyika, na vipimo vilivyofungwa miguuni mwao vikaanza kulia kimoja baada ya kingine. Muuguzi mmoja mfupi, mnene, miwani yake ikining'inia kifuani, alimshika Mnadi mkono na kumtoa nje kabla hajapata hata kuuliza mtoto wake ni yupi.

"Baba, sauti hiyo umeinunua wapi?" alimwuliza kwa kunong'ona walipofika ukumbini.

"Nimezaliwa nayo, sista."

"Basi humu ndani uwe unaiacha mlangoni pamoja na viatu. Hawa watoto wamekuja mapema, kelele inawauma. Inawauma kabisa, kama wewe unavyoumwa ukipigwa kofi."

Mnadi alitaka kuomba radhi, lakini radhi yenyewe ikatoka kwa sauti ileile, na kina mama waliokuwa kwenye benchi la ukumbini wakacheka huku wameficha nyuso. Kufikia mchana wodi nzima ilikuwa ikimwita Bwana Kipaza. Mama mkwe wake naye alikuwa kwenye benchi hilohilo. Hakucheka. Aliugeuza uso wake ukutani, kama anavyopaswa kufanya mama mkwe mwenye adabu mkwewe anapoaibika mbele za watu, na kusema kweli Mnadi angependelea acheke.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto alikuwa ameharakisha kuja duniani, akatolewa kwa upasuaji kwa sababu presha ya mama yake ilipanda. Mama alilazwa ghorofa ya juu, na presha bado haikuwa imetulia kiasi cha kumruhusu ateremke ngazi. Mtoto alikuwa chini, ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, amefungwa dripu ya dawa, maana alizaliwa na maambukizi kwenye damu. Walioruhusiwa kuingia kumwona ni watu wawili tu, baba na bibi.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mnadi na mama mkwe wake hawakuwa wamegombana hata siku moja, na sababu ni kwamba hawakuwa wamezungumza hata siku moja. Waliheshimiana mno. Akija kuwatembelea, bibi yule alipitisha kila neno kwa binti yake. "Mwambie mumeo chai imeiva," angesema, na mkwe mwenyewe ameketi palepale akiitazama birika. Naye Mnadi, aliyekuwa akiwatania wateja wote wa soko bila kumeza mate, angejibu, "Mwambie mama nashukuru." Binti alikuwa daraja lao, wakalipita hilo miaka yote bila shida. Sasa daraja liko ghorofani na mshono tumboni, na wao wamebaki wawili, wamesimama kila mmoja upande wake wa kisanduku cha kioo, wakimtazama mtoto ili wasitazamane.

Mtoto mwenyewe alikuwa mzuri ajabu. Alikuwa mdogo, hilo halikuwa na ubishi. Kofia aliyovishwa ilimfika kwenye nyusi, na nepi ilimmeza hadi kifuani. Lakini alikuwa na vidole virefu na mdomo wa dharau kama wa mama yake anapokataa bei. Baba yake alimpa jina la utani siku ileile. Kwa lugha ya soko la nguo, kamera ni ile nguo moja iliyo bora kuliko zote ndani ya belo la mitumba, ile ambayo mnadi huificha chini ya meza ili asimpe mtu ovyo. Basi akamwita Kamera.

Kisha kulikuwa na jambo jingine lililowapa fahari. Kamera halii. Watoto wengine wakichomwa sindano walipiga kelele nyembamba kama za paka. Kamera alikunja uso tu, akanyamaza.

"Mjukuu wangu jasiri," bibi alisema, akiongea na kioo. "Babu yake alikuwa hivyohivyo. Aling'olewa jino bila ganzi, hakutoa hata ng'ee. Mvumilivu hula mbivu."

Mnadi alikwenda sokoni akatangaza habari hizo kwa sauti ambayo ilisikika hadi kwa wauza mkaa. Mwanawe hajui kulia! Wachuuzi wenzake walimpongeza, na muuza nyama, ambaye alikuwa na watoto wengi wasiojua kunyamaza, alimwonea wivu wa wazi.

Muuguzi wa miwani ndiye aliyekuja kuiharibu sherehe hiyo. Kina mama walimwita Sista Hodi, na Mnadi alipata kujua sababu siku alipomwona akija kumbadilisha Kamera nepi. Kabla ya kufungua dirisha la kisanduku aliinama, akasema polepole, "Hodi, bibie." Akaingiza mkono mmoja, akauweka juu ya mtoto bila kuusogeza, kichwani na mabegani, akangoja.

"Sasa nani atakuitikia?" aliuliza Mnadi. Alijitahidi kunong'ona, na kipimo cha kisanduku cha jirani kikalia.

"Mwenye nyumba si huyu? Akitulia, amenikaribisha." Alionyesha kwa kidevu: Kamera alikuwa amekunjua vidole. "Humu, baba, kila mkono unaoingia unakuja na jambo. Huu umeshika sindano, huu unabandua plasta, huu unaingiza mpira puani. Tukiwavamia tu, mtoto anaanza kuuogopa hata mkono wa mama yake. Kwa hiyo tunapiga hodi. Hata kwako huwezi kupenda mtu aingie bila hodi halafu akuchome."

Bibi aliyasikia hayo, akaona ni maneno ya mzaha. Aliendelea na fahari yake mpaka daktari alipokuja kuchukua damu.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye watoto wengi wa kuwahudumia na mikono miwili tu. Alishika kisigino cha Kamera, akachoma. Mtoto hakulia. Bibi alitabasamu kwa ushindi, na tabasamu lilikuwa bado usoni pake kipimo kilipoanza kulia. Ulikuwa mlio mwingine, wa haraka. Midomo ya Kamera iligeuka rangi. Kifua kilichokuwa kikipanda na kushuka kikasimama.

"Amesahau kupumua," alisema Sista Hodi, na tayari mkono wake ulikuwa mgongoni mwa mtoto, ukimsugua. "Haya, bibie. Haya, vuta. Vuta, mwanangu."

Mnadi aligundua kwamba na yeye hapumui. Sauti ile kubwa, ambayo haikuwahi kumwangusha tangu ujana, ilimkimbia yote, hakubakiwa nayo hata ya kusema "Mungu wangu." Kisha kifua kidogo kilitikisika, kikapanda. Rangi ikarudi. Daktari akafuta paji la uso kwa mkono wa shati lake.

"Ni mara ya pili," alisema. "Jana pia alifanya hivi tulipombadilishia dripu. Sasa akichomwa anaacha kupumua. Na sindano hatuwezi kuacha, damu yake bado haijasafika. Akiendelea hivi, itabidi tumweke kwenye mashine ya kupumulia, na sipendi, maana kutoka kule ni kazi."

"Lakini hakulia," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilidhani haumwi."

Sista Hodi alimvuta karibu na kioo. Hakumkemea. "Mama, umelea watoto wangapi wewe? Basi njoo utazame kwa macho hayohayo. Usisikilize, tazama. Ona hapa juu ya nyusi, pametuna. Macho ameyakaza. Ona mfereji huu kutoka puani hadi mdomoni, maumivu ndiyo yameuchora. Mdomo uko wazi, ulimi umekakamaa, kidevu kinatetemeka. Na vidole?"

"Vimetawanyika," alisema bibi.

"Vimetawanyika. Anayelia ana nguvu ya kulalamika, mama. Huyu nguvu yake ni ndogo, na yote anaitumia kuvumilia, mpaka ya kupumulia inakwisha. Huyu hapigi kelele, lakini anatuambia."

Bibi alitazama kwa muda mrefu. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema hatimaye, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Mnadi alikumbuka jinsi alivyotangaza ujasiri ule sokoni kutwa nzima, akatamani ardhi ipasuke.

Ni daktari aliyelitoa wazo. "Sista, tujaribu kifuani? Kesho asubuhi tunahitaji damu tena. Tukimweka ngozi kwa ngozi na mama yake kwanza, atulie, ndipo tuchukue."

"Mama yake hashuki ngazi, daktari. Kifua kilichopo ni hiki." Na Sista Hodi akamnyooshea Mnadi kidole.

"Changu?" Mnadi alijishika shati.

"Una kingine? Utavua shati, utakaa kwenye kile kiti cha kuegemea, mtoto tutamlaza juu yako, kifua kwa kifua. Ila mimi nitakuwa nimeshika mguu na sindano. Nahitaji mtu wa kumkumbatia kwa viganja, kimoja kichwani, kingine kimkunje miguu, awe kama alivyokuwa tumboni. Mikono isiyotetemeka, ya mtu mzima." Akamgeukia bibi. "Mama, mikono yako naipenda."

Nani atayaeleza yaliyopita kwenye nyuso zile mbili? Mkwe abaki kifua wazi mbele ya mama mkwe! Na mama mkwe aje aweke mikono, si mbali, si upande wa pili wa meza, bali palepale kifuani pa mkwewe! Bibi alisema kwamba amekumbuka ana jambo la kuuliza getini. Mnadi alisema anakwenda kumsalimia mkewe. Walitoka kwa milango miwili tofauti.

Mkewe alipopewa habari alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Usinichekeshe! Mshono! We mwanaume, utaniua!"

"Mimi sioni cha kuchekesha," alisema Mnadi.

"Mama yangu akushike kifua!" Alicheka tena, akalia kidogo, akacheka. Kisha alijifuta uso na kumtazama kwa ule mdomo wake wa kukataa bei. "Sikiliza. Mimi nimepasuliwa. Madaktari, manesi, wanafunzi, wote wameniona hadi ndani, sijaona haya. Wewe unaombwa shati."

"Shati si tatizo. Tatizo ni heshima. Mwambie mama basi, umpange kidogo..."

"Simwambii. Leo mimi si posta yenu. Mwanangu anaacha kupumua huko chini, na nyinyi mnaoneana haya juu yake? Kamwambie mwenyewe." Alijikamua maziwa kwenye kikombe kidogo alichopewa na wauguzi, matone machache ya rangi ya dhahabu, akamkabidhi kama anayemkabidhi mali ya thamani. "Sista ameniomba haya. Yanatiwa ulimini kabla ya sindano, yanampunguzia. Mimi mchango wangu ndio huo. Na jambo moja. Mimba yote nimekaa kwenye kibanda chako, mtoto alikuwa anacheza ukianza kunadi. Ukinyamaza, naye ananyamaza. Anaijua sauti yako. Mnadie."

"Nimeambiwa sauti yangu inaua."

"Mnadie kwa chini," alisema mkewe.

Bibi alikuwa ukumbini, ameketi pembeni kabisa ya benchi. Mnadi aliketi pembeni ya pili. Kati yao wangeweza kukaa watu wazima wanne. Aliyatazama maziwa kikombeni.

"Mama," alisema.

Bibi alishtuka, maana hapakuwa na mtu wa tatu wa kupokea neno hilo. "Naam, baba."

"Shati... nitavua."

"Na mimi," bibi aliuambia ukuta wa mbele, "macho nitafumba."

"Utamshikaje mtoto umefumba macho, mama?"

Bibi alifikiri. Ilikuwa hoja ya maana. "Basi nitamtazama yeye tu. Wewe hutakuwepo."

"Sawa. Sitakuwepo."

"Usinicheke lakini, mikono yangu imezeeka."

"Mama, na wewe usicheke. Nina tumbo."

Hapo bibi alitoa mguno wa ajabu puani, na Mnadi, ambaye alikuwa mkwe wake miaka yote hiyo, alitambua kwa mara ya kwanza kwamba mama yule alikuwa mcheshi.

Asubuhi pazia lilivutwa, taa ya juu ya kisanduku ikazimwa, na mlango wa wodi ukafungwa ili pawe kimya. Mnadi alifungua vifungo vya shati kama anayefungua kesi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, alijiambia, na kwa mara ya kwanza methali hiyo aliiona imetungwa kwa ajili yake. Aliegemea kiti. Sista Hodi alisema hodi, akangoja, akamtoa Kamera kisandukuni na nyaya zake zote, akamlaza juu ya kifua cha baba yake akiwa na nepi na kofia tu, akawafunika wote wawili kwa kitambaa.

Mnadi hakutegemea joto lile. Mtu mdogo kiasi hicho alikuwa na joto la kujaza nyumba. Sikio la mtoto lilikuwa juu ya moyo wake, na pumzi yake ya haraka ilimtekenya. Mnadi alitaka kusema kitu akaogopa sauti yake, machozi yakimshuka kuelekea masikioni.

"Tusubiri," alisema Sista Hodi. "Hatuna haraka. Tunamwacha kwanza aone yuko kwa watu wake."

Walisubiri. Namba za kipimo zikapanda, zikatulia. Vidole vilivyokuwa vimekunjwa vikafunguka, vikashika unywele wa kifuani mwa Mnadi na kuuvuta. Alijikaza, hakutoa sauti.

"Mama, njoo sasa."

Bibi alikuja. Alitembea kama anayepita mbele za wazee, ameinamisha kichwa, amenawa mikono hadi ikawa baridi. Sista Hodi alimfanya aisugue kwanza ikapata moto. Kisha mkono mmoja ukakaa juu ya kofia. Wa pili ukaikusanya miguu midogo, ukaikunja kuelekea tumboni, ukabaki hapo. Haikusogea tena. Viganja vya mama mkwe vilikuwa kifuani pa mkwewe, na dunia haikupinduka.

Sista Hodi alidondosha maziwa ulimini, tone moja, kisha jingine. Kamera alilamba, akashangaa, akalamba tena. Wakangoja kidogo utamu umkolee. Kisha muuguzi alivuta mguu mmoja kwa upole kutoka mkononi mwa bibi.

"Hodi," alisema.

Mtoto alikuwa akilamba midomo.

"Karibu," alinong'ona bibi kwa niaba ya mwenye nyumba.

Kisigino kikachomwa.

Nyusi zikatuna. Bibi aliziona. Macho yakakaza, mfereji ukachimbika kutoka puani. "Maumivu yanakuja," alisema bibi, na mikono yake haikutetemeka. "Baba, yanakuja. Sema naye!"

Mnadi hakuwa na maneno mengine ila yale ya kazi yake. Aliyateremsha chini kabisa, mahali ambapo hakuwahi kuyafikisha, yakatoka kama muungurumo ndani ya mbavu. "Haya, haya, saa kumi na moja haijafika, mzigo ndio umefunguliwa. Gauni la harusi, gauni la shule, shati la bosi. Chagua mwenyewe, shika mwenyewe, pima mwenyewe. Hii si nguo, mama, hii kamera. Kamera hii haishuki bei..."

Mdomo wa mtoto ulifunguka. Ulimi ulikakamaa. Na kutoka kwenye mdomo ule uliosifiwa soko zima kwa ukimya, kilitoka kilio. Kilikuwa kidogo, chenye hasira na malalamiko yote ya tangu kuzaliwa: mmenichoma, nyinyi watu, mmenichoma! Kikaendelea kwa pumzi moja, kisha ya pili. Kila pumzi ilimaanisha kwamba anapumua. Kipimo kilikaa kimya. Rangi ya midomo haikubadilika. Sista Hodi alikusanya damu yake, akabandika pamba, akarudisha mguu mkononi mwa bibi, na bibi akaukunja. Kilio kikapungua kikawa manung'uniko. Manung'uniko yakawa usingizi.

"Bei haishuki," alimalizia Mnadi.

"Amelia," alisema bibi. Machozi yake yalimdondokea mkwewe tumboni. "Umesikia? Mjukuu wangu amelia!"

"Maumivu yote hatukuyaondoa," alisema Sista Hodi, akivaa miwani ili aandike. "Hayo hatuyawezi. Kwa mambo makubwa zaidi ya haya kuna dawa, na tunaitoa. Lakini haya ya kila siku tunayapunguza mpaka ayaweze. Leo ameyaweza."

Bibi aliinua uso kwa furaha, na ndipo alipoona kwamba pua yake na ya mkwewe zinakaribia kugusana. Walitazamana. Hakuna aliyeweza kukimbia, maana wote walikuwa wamemshika mtoto. Bibi alianza kutikisika. Mnadi naye akatikisika. Walicheka bila sauti hadi Sista Hodi akawaonya kwamba mtoto anaruka juu ya tumbo la baba yake kama yuko kwenye gari bovu.

Kuanzia hapo wodi ilipata wafanyakazi wawili wasio na mshahara. Kila sindano ilipokaribia, Mnadi alivua shati na bibi alisugua mikono. Siku moja daktari aliingia mbio na dripu mpya, akafungua kisanduku, akanyoosha mkono.

"Daktari!" walisema wote wawili kwa kunong'ona.

Kijana wa watu aligeuka kwa hofu. "Nini?"

"Hodi," alisema bibi.

Daktari alitazama sindano, akamtazama bibi, akacheka. Akairudisha sindano kwenye trei, akainama mpaka paji lake la uso likagusa kioo. "Hodi kwa Kamera," alisema.

"Karibu, daktari," alisema Mnadi, huku ameshafungua vifungo viwili. "Ngoja tu mwenye nyumba akae sawa."

Mashine ya kupumulia ilibaki konani ilipokuwa, na Kamera hakuihitaji. Damu ilisafika. Presha ya mama ilishuka, akateremka ngazi kwa miguu yake, akakuta mumewe na mama yake wamekaa benchi moja wakibishana waziwazi, bila posta, juu ya nani anajua zaidi kumkunja mtoto miguu. Alisimama kwa mbali akawaangalia. Alifurahi kuliko alivyoweza kusema, na akahisi wivu kidogo pia.

Siku ya kurudi nyumbani ua ulijaa. Wachuuzi walifunga vibanda mapema, majirani wakatoka, wanawake wameshatayarisha vigelegele ndimini. Lakini mlangoni alisimama bibi na beseni la maji na sabuni, na uso usiotaka mzaha.

"Nawa. Mpaka viwikoni. Ukishanawa, piga hodi. Polepole. Na vigelegele hivyo vimezeni kwanza."

Basi soko zima likaingia kwa kunyata. Muuza nyama, pande la mtu, aliinama mbele ya kifua cha Mnadi, pale ambapo kofia ndogo ilichungulia kati ya vifungo vya shati, akasema "Hodi" kwa sauti nyembamba kama ya mtoto wa shule. Mama wa mtoto alikaa kwenye kiti chake akiwaitikia wote karibu, karibu, kama malkia. Nyumba ilijaa watu waliobana midomo kwa furaha.

Ndipo Kamera alipokunja uso. Mdomo ulifunguka, na kilio kilichotoka kilikuwa na mbavu, kilikuwa na kifua, kilikuwa na soko ndani yake. Hapakuwa na haja ya kuuliza baba yake ni nani. Watu walirudi nyuma.

"Anaumwa!" alisema muuza nyama. "Jamani, mrudisheni hospitali!"

Mama yake aliinuka kwenye kiti. Mnadi alifungua shati, bibi akasogea. Waliinama pamoja, vichwa vikagongana, hawakujali.

"Mama, unaona nini?"

"Vidole havikutawanyika. Amekunja ngumi. Anaipeleka mdomoni."

"Anageuza kichwa. Anatafuta."

Bibi alimgusa mtoto pembeni ya mdomo kwa kidole kilichooshwa. Kilio kikakatika. Kamera akakigeukia kidole kwa pupa, mdomo umepanuka, akakosa, akakasirika upya.

"Si maumivu," alisema Mnadi.

"Si maumivu, baba," alisema bibi. "Ni njaa. Njaa tu! Mpe mama yake."

Mtoto akapelekwa kwa mwenye maziwa, akadaka, akanyamaza. Mnadi alisimama katikati ya chumba akiwa kifua wazi mbele ya mama mkwe wake na soko zima, na wala hakukumbuka kuona haya. Alimtazama bibi. Bibi alielewa anachoomba.

"Toka nje kwanza," alimwambia. "Nenda mpaka mwisho wa ua."

Mnadi alitoka. Alikwenda mpaka mwisho wa ua, akashika kiuno, akavuta pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku ile ya salamu, akaiachia yote.

"Jamaniiii! Mwanangu ana njaa!"

Vigelegele vikapasuka. Ndani ya nyumba, Kamera hakushtuka. Alifumbua jicho moja, akasikiliza kidogo, akaendelea kunyonya.